Historia ya Kuziba Nyufa za Ndege Ndogo

Mhariri wa jarida letu alinitaka niandike makala ya historia kwa ajili ya toleo la mkutano huu. Nadhani alitumaini kwamba nitaandika juu ya waasisi wa shule, au juu ya timu ya mpira iliyotuletea kikombe. Mambo hayo yamekwisha kuandikwa na wenzangu, tena vizuri kuliko niwezavyo mimi. Nimechagua jambo dogo ambalo wengi wenu hamjapata kulifikiria, nalo ni namna watu walivyojifunza kuziba nyufa katika modeli za plastiki za ndege, meli na vifaru. Ndugu zangu tuliokuwa nao katika Chama cha Modeli watanielewa mara moja. Wengine nawaomba mvumilie kidogo, kwa sababu mwishoni nina deni la kulipa, na deni hilo haliwezi kueleweka bila kuueleza kwanza ufundi wenyewe.

Ufa hutoka wapi?

Modeli ya plastiki huja katika sanduku ikiwa vipande vipande, vimeshikamana na fremu yake kama ndizi katika chane. Kiwandani plastiki huyeyushwa kwa joto, kisha husukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma yenye pande mbili. Ikipoa, kalibu hufunguliwa na fremu hutolewa pamoja na vipande vyake. Kiwiliwili cha ndege hakiwezi kutoka kikiwa kizima, maana ndani ni kitupu, kwa hiyo hutengenezwa nusu ya kushoto na nusu ya kulia. Bawa nalo huwa na upande wa juu na upande wa chini.

Kutokana na kazi hiyo huzaliwa kasoro tatu. Ya kwanza ni mstari mwembamba unaobaki pale pande mbili za kalibu zilipokutana. Ya pili ni kishimo kinachotokea mahali plastiki ilipo nene, kwa kuwa kitu kinene hunywea zaidi kinapopoa. Ya tatu, ambayo ndiyo mama wa taabu zote, ni ufa unaobaki baina ya kipande na kipande baada ya kuunganishwa, hasa pale bawa linapoingia katika kiwiliwili.

Msomaji aweza kuuliza: ufa wa milimita moja una ubaya gani? Tupige hesabu kidogo. Kipimo kilichozoeleka sana cha ndege ndogo ni 1/72, yaani inchi moja ya modeli ni futi sita za ndege halisi. Kwa kipimo hicho ufa wa milimita moja ni sawa na sentimita 7.2 katika ndege yenyewe. Kwa ndege kubwa za abiria hutumika kipimo cha 1/144, na hapo milimita moja huwa zaidi ya sentimita 14. Hakuna rubani ambaye angekubali kurusha ndege ambayo mtu aweza kuingiza mkono baina ya bawa na kiwiliwili chake.

Wanafunzi walioombwa na jeshi

Modeli za kwanza za ndege za namna hii zilichongwa kwa mbao. Mwaka 1936 kampuni moja ya Uingereza iliyouza modeli zake kwa jina la FROG ilitoa seti za plastiki zilizoitwa Penguin, na jina hilo lilichaguliwa kwa kuwa penguin ni ndege asiyeruka. Ndizo zinazohesabiwa kuwa seti za kwanza za ndege za plastiki za kuunganishwa na mnunuzi mwenyewe, nazo zilikuwa za kipimo cha 1/72. Plastiki yake ilikuwa selulosi asetati, ambayo ina tabia mbaya ya kunywea na kujipinda kadiri miaka inavyopita. Hata fundi aliyeziba vizuri aliweza kuona ufa umerudi.

Kisha vikaja Vita vya Pili vya Dunia. Hapo ndipo modeli zilipoacha kuwa mchezo. Askari wa mizinga alikuwa na nukta chache tu za kuamua kama ndege inayomjia ni ya adui au ya wenzake, na akikosea aliua watu wake mwenyewe. Mwaka 1942 Jeshi la Majini la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule za nchi hiyo watengeneze modeli 500,000 za mbao za kufundishia askari kutambua ndege. Zilichongwa kwa 1/72, zikajazwa na kupigwa msasa mpaka vinyweleo vya mbao vikapotea, kisha zikapakwa rangi nyeusi. Modeli ya kipimo hicho ukiitazama kutoka mita 10 ni sawa na kuitazama ndege halisi iliyo umbali wa mita 720.

Nawaomba wanafunzi wa sasa mlitafakari jambo hilo. Walioshika msasa walikuwa vijana wa umri wenu. Bawa likikaa vibaya, au pati ikifanya uvimbe mahali pasipo na uvimbe, umbo linadanganya, na askari aliyefundishwa kwa umbo la uongo aweza kufyatua mzinga kwa uongo huo huo.

Mfuko wa shilingi mbili

Baada ya vita plastiki ilienea, na jina lililovuma zaidi Uingereza likawa Airfix. Kampuni hiyo iliasisiwa mwaka 1939 na Nicholas Kove, mhamiaji kutoka Hungaria, nayo ilianza kwa kutengeneza vitu vya mpira vya kujazwa hewa. Baada ya vita ikatengeneza vitana. Mwishoni mwa miaka ya 1940 iliagizwa kutengeneza modeli ya trekta la Ferguson kwa ajili ya wachuuzi wa matrekta hayo, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikatoa jahazi dogo la Golden Hind, lililouzwa katika maduka ya Woolworth kwa shilingi mbili, likiwa ndani ya mfuko mwepesi badala ya sanduku. Kwa bei hiyo hata mtoto wa mfanyakazi wa kawaida aliweza kununua. Wakati huo polistirini ilishika mahali pa asetati, maana haijipindi ovyo na huyeyuka vizuri kwa gundi yake. Kampuni hiyo ilifilisika mwaka 1981, lakini jina lake halikufa, na mwaka 2006 lilinunuliwa na Hornby.

Huko Japani, katika mji wa Shizuoka, kiwanda cha Tamiya kilianza mwaka 1946 kama kiwanda cha kupasua mbao. Kilitoa modeli za mbao, na mwaka 1960 kikatoa modeli yake ya kwanza ya plastiki, manowari ya Yamato, ambayo haikuleta faida. Hakikukata tamaa, kikafuata na kifaru cha Panther, na kipimo cha 1/35 kilipatikana kwa sababu isiyo ya kisomi hata kidogo: kifaru kilitakiwa kiwe na nafasi ya kutosha mota na betri zake. Baadaye Wajapani walisifika kwa kalibu zilizochongwa kwa usahihi mno, hata vipande vikawa vinakutana karibu bila ufa. Hivyo historia ya kuziba nyufa ni pia historia ya viwanda vilivyojitahidi kuondoa haja ya kuziba.

Dawa na matumizi yake

Sisi watu wa pwani tunalo neno letu la kazi hii: kalafati. Fundi wa jahazi huchukua pamba iliyolowekwa mafuta akaishindilia kwa patasi na nyundo baina ya ubao na ubao. Haipaki juu juu, bali huingiza ndani ya ufa. Anayeielewa kalafati ameelewa nusu ya kazi ya modeli.

Gundi ya polistirini si gundi kama ile ya karatasi. Ni kiyeyushi, na kazi yake ni kulainisha plastiki ya pande zote mbili ili ziingiane na kuwa kitu kimoja. Kwa sababu hiyo dawa ya kwanza ya ufa ni plastiki yenyewe. Fundi hupaka kiyeyushi, husubiri kidogo, kisha hubana nusu mbili mpaka utepe mdogo wa plastiki laini utokeze nje. Huiacha siku moja au mbili ikauke, ndipo huukata utepe ule kwa wembe na kuusugua kwa msasa wenye maji, kuanzia namba 400 mpaka 1000.

Ufa ukiwa mkubwa zaidi, iko pati ya tyubu. Pati hiyo hulainishwa kwa viyeyushi kama toluini na asetoni, na viyeyushi hivyo vikipaa hewani pati hunywea. Hapana budi ipakwe nyembamba, iachwe ikauke kabisa, kisha ipakwe tena. Wapo waliojitengenezea dawa kwa kukatakata vijiti vya fremu na kuviyeyusha ndani ya gundi, wakapata uji wa plastiki ileile ya modeli. Wengine hukipasha kijiti cha fremu juu ya mshumaa, wakakivuta kikawa uzi, na uzi ule wakaulaza ndani ya ufa. Kuna pia pati ya epoksi yenye sehemu mbili, kama Milliput ya Wales, ambayo hukandwa kwa mkono, husawazishwa kwa maji na hainywei.

Superglu nayo ina kisa chake. Mwaka 1942 Harry Coover wa kampuni ya Eastman Kodak alikuwa akitafuta plastiki angavu ya kutengenezea vyombo vya kulengea bunduki. Alipata kitu kilichogandamana na kila alichokigusa, akakitupa kando. Mwaka 1951 alikutana nacho tena, safari hii akatambua thamani yake, na mwaka 1958 kikaanza kuuzwa. Mafundi wa modeli huitumia kuzibia, lakini yapasa isuguliwe mapema, maana ikikaa huwa ngumu kuliko plastiki inayoizunguka, na msasa hula plastiki ukaiacha gundi.

Ama ufa mpana wa shina la bawa hautaki pati kabisa. Hutaka ukanda wa plastiki uliokatwa kwa kipimo chake, ukaingizwa na kuunganishwa kwa kiyeyushi, ili bawa lishikwe na plastiki na si na pati. Pati haina nguvu ya kubeba kitu, kazi yake ni kujaza tu. Na kabla ya yote hayo ipo kanuni isiyogharimu hata senti moja: jaribu vipande vyako bila gundi kwanza.

VC10 ya maktaba

Sasa nifike nyumbani. Mwaka 1997, nikiwa Kidato cha Tatu, mzee mmoja aliyesoma shule hii miaka mingi kabla yetu alituletea seti ya ndege ya Super VC10 ya kipimo cha 1/144. Mzee huyo alikuwa fundi wa East African Airways mpaka shirika hilo lilipovunjika mwaka 1977. Alikuwa ameinunua zamani na hakuwahi kuiunganisha. Aliomba tu ikamilike, ikaandikwe jina la shirika lake, ikawekwe maktaba.

Wanafunzi wa leo huenda hawajui kwamba nchi zetu tatu ziliwahi kuwa na ndege hizo, zenye injini nne zilizofungwa mkiani. Zilikuwa tano kwa jumla, ya kwanza ikipokelewa mwaka 1966, nazo ziliandikishwa kwa kugawana: nyingine kwa herufi za Uganda, 5X, nyingine za Kenya, 5Y, nyingine za Tanzania, 5H. Moja iliangamia Addis Ababa Aprili 1972, watu 43 wakafariki. Nne zilizobaki zilirudi Uingereza baada ya shirika kufa, zikageuzwa kuwa ndege za kujazia wenzake mafuta angani katika Jeshi la Anga la nchi hiyo. VC10 za mwisho za jeshi hilo zilistaafu Septemba 2013, na miongoni mwake zilikuwemo mbili zilizowahi kuandikishwa kwetu, 5H-MMT na 5H-MOG.

Mwalimu mlezi wa chama alinikabidhi mimi kazi hiyo, kwa kuwa nilikuwa na sifa ya mkono mzuri. Nilipewa wiki sita. Tano nilizichezea. Wiki ya sita ikawa ya Siku ya Wazazi, na mzee alikuwa amealikwa. Niliunganisha kiwiliwili kwa haraka, sikujaribu mabawa bila gundi, na nilipoyaleta niliona ufa wa milimita nzima kila upande. Nilijua dawa yake, maana niliwahi kuwafundisha wengine. Ilihitaji ukanda wa plastiki na siku mbili. Nilikuwa na usiku mmoja.

Nilichukua pati ya kopo ambayo mafundi wa magari husawazishia mikwaruzo, nikaishindilia nene, nikaisugua ikiwa mbichi, na alfajiri nikapaka rangi. Iling'aa. Mzee alisimama mbele yake muda mrefu akiwa amevua kofia, kisha akanishika mkono na kuniita fundi.

Baada ya miezi mitatu niliona mstari mwembamba kama unywele kwenye shina la bawa la kushoto. Pati ilikuwa inanywea. Sikumwambia mtu. Niliupaka rangi kidogo, nikaondoka. Wiki mbili baadaye bawa lilikutwa chini, na mvulana wa Kidato cha Kwanza aliyekuwa zamu ya kufagia maktaba akaambiwa kwamba yeye ndiye aliyelivunja. Alisema alilikuta limeanguka. Alipigwa viboko vinne mbele yetu gwaride la asubuhi, nami nilikuwa mstari wa tatu. Katika daftari la maktaba pakaandikwa kwamba modeli ya ndege imevunjwa na mwanafunzi, na jina lake likaandikwa. Mzee naye aliambiwa hivyo hivyo, akafariki akiamini hivyo.

Kusahihisha daftari

Nimefanya kazi serikalini zaidi ya miaka 15, na karibu muda wote huo nimeshughulika na mafaili. Najua kwamba neno likishaandikwa katika daftari, watu huliamini kuliko aliyekuwepo. Mara nyingi nimewakemea vijana wa ofisi yangu kwa kuleta hesabu zilizopakwa rangi kabla hazijakauka, na kila nilipokemea nilikumbuka lile bawa.

Katika mkutano wetu uliopita nilimwona ndugu yule, ambaye sasa ni mwalimu. Nilimvuta kando nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kaka, nilijua."

Nikamwuliza alijuaje.

"Nililiokota lile bawa. Pale lilipoachia palikuwa na pati tupu. Hapakuwa na plastiki iliyovunjika hata kidogo."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Nilikuwa Kidato cha Kwanza, nani angesikia?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Nilimwomba radhi, akanipa mkono, lakini hakusema kwamba halikuwa kitu, wala mimi sikutaka aseme hivyo.

Jioni ile tuliomba ruhusa tukaitoa VC10 stoo. Tulikubaliana siku, tukarudi wote wawili na vifaa. Tulikwangua pati yote, ikatoka kwa kucha. Tulijaribu bila gundi mara nne. Yeye alikata kanda mbili za plastiki, mimi nikaziunganisha, tukaziacha wiki nzima. Baadaye tukasugua, tukapaka rangi ya awali ya kijivu ambayo haifichi kosa, tukaona sehemu mbili bado, tukaziba tena. Sasa ndege imerudi katika kabati lake, na bawa lake linashikwa na plastiki.

Linabaki daftari. Nimemwandikia Mkuu wa Shule barua rasmi, nikitaja tarehe na ukurasa, nikaomba chini ya maneno yale ya mwaka 1997 paongezwe kwamba mwanafunzi aliyetajwa hakuhusika, kwamba kosa lilikuwa la aliyeiunganisha, na kwamba aliyeiunganisha ni mimi. Naandika pia hapa, kwa sababu wengi wenu mlikuwa gwaridani asubuhi ile, na hamkuwahi kuliona daftari. Mlichokiona ni viboko.

Vijana mlioko shuleni, kabati la maktaba liko upande wa dirisha. Nendeni mkaitazame ndege ile kwa karibu, mpitishe kidole taratibu kwenye shina la bawa la kushoto. Mkiusikia ufa, msiupake rangi. Mwambieni mwalimu, nami nitaitwa nije niurekebishe.